SOMO LA SABA: KAMERA NA VIFAA VYAKE KWA MPIGA PICHA WA KUJIFURAHISHA

Somo hili linamhusu mlaji anayepiga picha kwa kuipenda kazi yenyewe, si kwa kutafuta riziki: mwalimu anayetaka kuhifadhi sura za wanafunzi wake wakicheza, muuguzi wa Mloganzila ambaye siku ya mapumziko huamka alfajiri kufuata ndege vichakani, mama anayetaka picha njema za wanawe kabla hawajakua. Watu wa namna hii ni wengi siku hizi Kibamba, Kiluvya na Mbezi. Aghalabu hununua kamera mara moja tu katika miaka mitano au kumi, kwa fedha ya akiba au ya zamu yao katika mchezo, na wakishainunua hawana tena fedha ya kurekebisha kosa. Mpiga picha wa harusi anamjua fundi, anamjua mwenye duka, na hasara ya leo huifidia kwa kazi ya Jumamosi ijayo. Huyu mwingine akiuziwa mbuzi kwenye gunia hana pa kuifidia hasara yake.

Kuna jambo moja linalomfanya mnunuzi wa kamera awe katika hatari kuliko mnunuzi wa simu. Katikati ya Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini, na tangu hapo kila mtu anajua kubonyeza *#06# na kuitazama namba ya simu yake. Kamera haina mtandao wa kuizima. Kamera iliyoibwa hupiga picha sawasawa na ile iliyonunuliwa kihalali, na betri ya bandia haikataliwi na mtu yeyote ila na kamera yenyewe, wakati mwingine kwa kuungua. Kwa hiyo ukaguzi wote umeachiwa macho na mikono ya mnunuzi.

Je, unahitaji kamera?

Swali hili huulizwa mara chache dukani, kwa sababu zilizo wazi. Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, nasi tuanze hapo. Picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6, ile inayochapwa studio za mitaani na kubandikwa kwenye albamu, huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. Hizo ni zaidi kidogo ya milioni 2. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa 4,000, zinazotosha kuchapa karatasi ya inchi 20 kwa 13 kwa ubora uleule. Simu nyingi za kisasa zimekwisha kuvuka mahitaji ya albamu, na picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani hata ingepigwa na kamera ya mamilioni.

Kamera huizidi simu katika mambo matatu hasa: kitu kilicho mbali, kitu kiendacho mbio, na mahali penye giza. Hongo juu ya mti, mtoto anayekimbia uwanjani, ukumbi wa sherehe wenye taa hafifu. Ikiwa picha zako si za namna hiyo, huenda fedha yako ikatumika vizuri zaidi kununua stendi ya simu na taa ndogo, nawe ubaki na chenji. Hatusemi hivi ili kumvunja mtu moyo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha tumika, kamera ya kisanduku isiyo na mbwembwe yoyote. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix katika jiji hilihili, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionekana dunia nzima.

Jihadhari pia na kamera ndogo za majina yasiyojulikana, zinazouzwa kwa bei nafuu huku kisanduku kikitangaza megapikseli 48 au zaidi. Nyingi zina kihisi kidogo kuliko cha simu ya kawaida, na hizo nukta zinazotajwa hujazwa na programu ndani ya kamera, kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi. Picha huwa kubwa kwa kipimo, lakini haina kitu cha ziada ndani yake. Ukitaka kujua ukweli, tafuta maandishi madogo yanayotaja ukubwa wa kihisi. Yasipokuwepo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Bei iliyobandikwa na bei utakayolipa

Chukua mfano wa mtu mwenye shilingi 1,500,000. Akiimaliza yote kwenye kamera, atarudi nyumbani na chombo kisicho na kadi, chenye betri moja, kisicho na mfuko wa kukibebea. Atakopa kadi kwa jirani. Siku ya kwanza ya kutoka, betri itaisha saa sita mchana. Ushauri wetu ni kwamba kamera pamoja na lenzi yake ya kwanza visizidi theluthi mbili ya fedha uliyo nayo. Katika mfano huu, 1,000,000 ndiyo mwisho. Inayobaki ni ya kadi mbili za kuaminika, betri ya pili, mfuko usiopitisha maji na kisanduku cha kuhifadhia, na ikisalia kidogo iwekwe kwa ajili ya lenzi ya pili.

Katika kugawa fedha, wengi hukosea kwa kuipa kamera heshima inayostahili lenzi. Miili ya kamera hupitwa na wakati upesi, ilhali lenzi nzuri hudumu miongo. Lenzi inayokuja na kamera ya kwanza, aghalabu ya milimita 18 hadi 55, inafaa kwa kujifunzia. Anayetaka picha za watu zenye mandhari ya nyuma yaliyofifia atafaidika kuliko yote na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo kila kampuni kubwa huiuza miongoni mwa lenzi zake za bei ya chini. Anayetaka ndege atahitaji milimita 300 au zaidi, na hapo bei hupanda ghafla.

Kabla ya kununua lenzi yoyote, hakikisha inaingia. Kila kampuni ina mdomo wake wa kufungia lenzi, na kampuni moja yaweza kuwa na midomo zaidi ya mmoja. Lenzi za Canon zenye alama EF-S hutengenezwa kwa kamera zenye kioo ndani. Zile za RF ni za kamera zake mpya zisizo na kioo, wala haziwezi kurudi kwenye kamera za zamani. Nikon ina mtego mwingine, tena huu huwanasa wengi kwa sababu lenzi inaingia vizuri kabisa: kamera zake za mwanzo, mathalani D3500 na nyingine za jamii za D3000 na D5000, hazina mota ya kulenga ndani ya mwili. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake itafunga, itapiga picha, lakini kulenga utafanya kwa mkono. Muuzaji atakwambia ‘inaingia’, naye hatakuwa amesema uongo. Swali sahihi si kama inaingia. Uliza kama inalenga yenyewe kwenye kamera yako, kisha ijaribu papo hapo.

Siku ya kwenda Kariakoo

Kutoka Kibamba hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20, kwa daladala hadi Mbezi au Kimara na kisha mwendokasi, na kurudisha kitu kibovu ni siku nyingine nzima iliyopotea. Kwa sababu hiyo ukaguzi ufanyike dukani, mchana, ukiwa hujachoka. Nenda asubuhi, uchukue kadi yako mwenyewe na karatasi nyeupe, na simu yako iwe na chaji ya kutosha kwa ajili ya tochi.

Utakaposhuka, winga atakupokea. Mawinga si wahalifu. Wengi wao wanazijua bei za mitaa yote kuliko wenye maduka. Lakini elewa kazi yake: yeye hana duka, hukupeleka kwenye duka la mwingine, na faida yake ni tofauti kati ya bei anayokutajia wewe na bei anayoijua yeye. Kadhalika, kamera ikiharibika baada ya wiki, yeye hatakuwepo pale mlipoonana. Ukipenda kusaidiwa naye, malipo yafanyike kwa mwenye duka na risiti itoke dukani. Asiyekubali hilo, mshukuru na uende zako.

Kamera nyingi zinazouzwa jijini hazikuletwa kwa ajili ya soko letu. Nyingine hutoka Dubai, nyingine Japani zikiwa zimetumika. Hakuna ubaya katika hilo ikiwa unajua unachonunua. Kamera moja huweza kuwa na majina kadhaa: ile Canon EOS 2000D ya mwaka 2018 huitwa EOS 1500D katika baadhi ya nchi za Asia, Rebel T7 Marekani, na Kiss X90 Japani. Asiyejua atadhani ni kamera nne na kulipa zaidi kwa ajili ya jina. Lililo zito zaidi ni lugha. Zipo kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo menyu yake ni ya Kijapani pekee, wala hakuna mahali pa kuibadili. Washa kamera, ingia kwenye mipangilio, badili lugha mbele ya muuzaji. Akikwambia kuwa fundi ataibadili baadaye, acha.

Tazama pia chaja. Umeme wetu ni wa volti 230, wa Japani ni 100. Chaja nyingi za kamera huandikwa nyuma kuwa zinapokea volti 100 hadi 240, na hizo zinahitaji adapta ya plagi tu. Iliyoandikwa 100 peke yake itaungua siku ya kwanza.

Linganisha namba iliyochapwa chini ya kamera na ile iliyo kwenye kisanduku na kwenye kadi ya dhamana. Zikitofautiana, kisanduku ni cha kamera nyingine. Kuhusu dhamana yenyewe, uliza swali moja: ikiharibika, nani ataitengeneza, na wapi? Dhamana za miili ya kamera mara nyingi huheshimiwa katika eneo ilikouzwa mara ya kwanza, hivyo kadi nzuri ya Dubai yaweza isikusaidie chochote hapa. Dhamana ya duka, hata ya miezi mitatu, iliyoandikwa kwenye risiti na kutiwa mhuri, ina thamani kubwa kuliko hiyo.

Kadi ya kumbukumbu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu madhara ya kadi ya bandia hayalingani na bei yake. Kamera ikiharibika hutengenezwa. Picha za mazishi ya bibi au za mahafali ya mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu hazipigwi mara ya pili.

Kadi ya bandia hudanganya hivi. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo, tuseme gigabaiti 8, lakini kidhibiti chake kimechezewa ili kijitangaze kuwa cha 64. Ukiichomeka, kompyuta nayo inadanganyika na kuonyesha 64. Picha za mwanzo huhifadhiwa vizuri, nawe unazitazama na kuridhika. Zile 8 zikijaa, kadi haikwambii. Huendelea kupokea picha mpya na ama kuziandika juu ya zile za mwanzo, ama kuzitupa kabisa, huku majina ya mafaili yakionekana yote. Unakuja kugundua nyumbani: nusu ya picha hazifunguki, nyingine zimekatika katikati na kuwa kijivu.

Usichanganye udanganyifu huo na tofauti ya kawaida ya hesabu. Kadi halali ya gigabaiti 64 huonekana kwenye kompyuta ya Windows kama 59 na kitu, na ya 32 kama 29 na kitu, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Hiyo si kasoro wala si sababu ya kugombana na muuzaji. Kwa hakika, kukiangalia kiwango kinachoonyeshwa hakuthibitishi lolote. Kinachothibitisha ni kuijaza kadi mpaka mwisho na kusoma kila kilichoandikwa. Ziko programu za bure zifanyazo kazi hiyo, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Asiye na kompyuta arekodi video mfululizo mpaka kamera iseme kadi imejaa, kisha azitazame zote, akianza na ya kwanza hadi ya mwisho. Ni kazi ya saa kadhaa. Ifanywe siku hiyohiyo uliyonunua, kabla kadi haijapewa jukumu lolote la maana.

Kuhusu kasi, namba kubwa iliyochapwa mbele, 100 au 170, ni kasi ya juu kabisa ya kusoma katika mazingira mazuri. Kwa kamera, kilicho muhimu ni kasi ya chini inayohakikishwa wakati wa kuandika, nayo huonyeshwa kwa alama ndogo: duara lenye 10 au U yenye 1 humaanisha megabaiti 10 kwa sekunde, U yenye 3 au V30 humaanisha 30. Kwa picha mnato, 10 inatosha. Kwa video ya 4K tafuta V30. Ukubwa wa kadi nao usikutie tamaa. Picha ya JPEG ya megapikseli 24 ina takriban megabaiti 10, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba karibu picha 3,000. Kadi mbili za 32 ni bora kuliko moja ya 64, kwani ikifa moja hujapoteza vyote. Na kamera ya zamani inayokubali SDHC pekee haitaisoma kadi inayozidi gigabaiti 32.

Betri

Betri halisi ya LP-E10, ile ya kamera ya EOS 2000D tuliyoitaja, ina uwezo wa mAh 860. Mezani Kariakoo utaonyeshwa nyingine ya umbo lilelile, iliyoandikwa 2,000 na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Umbo halikubadilika na kemia ya ndani ni ileile ya lithiamu, basi ule uwezo wa ziada umekaa wapi? Namba hiyo ni wino tu.

Hatusemi kuwa kila betri isiyo ya kampuni ya kamera ni mbovu. Wapo watengenezaji huru wanaoandika jina lao waziwazi na kutaja uwezo ulio karibu na ule wa asili, na betri zao zinafaa. Ya kuogopwa ni ile inayojifanya kuwa ya Canon au Nikon, kwa sababu aliyedanganya kuhusu jina hana sababu ya kuweka ndani kinga ya kuzuia kuchajika kupita kiasi. Betri iliyovimba, hata kidogo, itolewe kwenye matumizi. Usiitoboe, usiitupe kwenye jalala linalochomwa moto. Na chaja isiachwe imechomekwa usiku kucha katika mitaa ambayo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Kununua iliyotumika

Kwa maoni yetu, kamera iliyotumika ndiyo chaguo la busara kwa anayeanza, mradi ikaguliwe. Mambo mawili huamua thamani yake: shata na kuvu.

Shata ni kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Kwa kamera za mwanzo hukadiriwa kudumu mibofyo kama 100,000. Kwa zile za kitaalamu zaidi, 400,000 au hata kupita hapo. Kamera ya miaka miwili iliyokuwa studio yaweza kuchoka kuliko ya miaka minane iliyokaa kabatini. Kwa kamera nyingi za Nikon, hesabu hii hufichwa ndani ya faili la kila picha: piga moja, ihamishie kwenye kompyuta, na programu ya kusoma taarifa za picha itakuonyesha. Kwa Canon nyingi huhitajika programu maalumu, basi muulize fundi. Muuzaji anayekataa usijue hesabu hiyo amekwisha kukujibu.

Kuvu hupenda lenzi kama inavyopenda mkate. Fungua vifuniko vya pande zote mbili, mulika tochi ya simu upande mmoja, utazame upande wa pili kwa mshazari. Vumbi chache si neno. Ukiona nyuzi zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Ikiwahiwa husafishwa, lakini ikikaa hula ule utando wa juu ya kioo na alama hubaki milele. Usiinunue kwa kuahidiwa kwamba itasafishwa. Kisha funga tundu la lenzi hadi 16 au 22, piga picha ya karatasi nyeupe, uikuze. Madoa meusi ni uchafu juu ya kihisi, ambao huondolewa kwa gharama, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Ukinunua kwa mtu uliyemwona mtandaoni, usitume fedha kabla ya kukishika kitu mkononi, hata kama anasema wako watu wengine watatu wanaokitaka. Mkutane mahali penye watu. Omba kisanduku au risiti ya zamani, na muandikiane hati ya mauzo yenye namba ya kamera, jina na saini ya kila mmoja, pamoja na shahidi. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai, na bei ya chini kupita kiasi ni mojawapo ya mambo ambayo mpelelezi atakuuliza.

Vitu vidogo vidogo

Chujio la kulinda lenzi lilingane na kipimo kilichoandikwa mbele ya lenzi karibu na alama ya duara lenye mkwaju, kwa mfano 52 au 58. Stendi ijaribiwe ikiwa imerefushwa yote: ibonyeze na uisokote kidogo, na ikitetemeka iache. Hakikisha kile kibati cha kufungia kamera kipo, maana kikipotea stendi inakuwa fimbo. Flashi za enzi za filamu zinazopatikana kwa bei ya kutupa zisifungwe kwenye kamera ya kidijitali kabla fundi hajazipima, kwani baadhi hurudisha volti nyingi zinazoweza kuiunguza. Mwenye kutamani ndege nyuki ajue kwamba kununua ni rahisi kuliko kurusha. Usajili na kibali hutafutwa kwanza, na pa kuanzia kuuliza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hifadhi ya nyumbani

Anayeishi Kibamba hupambana na maadui wawili kwa zamu. Kiangazi ni vumbi la barabara za ndani, ambalo huingia kila mahali. Lenzi isibadilishwe barabarani wala kwenye daladala, na vumbi lipulizwe kwa mpira wa kupulizia kabla ya kupitisha kitambaa, vinginevyo unakikwaruza kioo kwa mchanga. Masika ni unyevu. Katika jiji letu unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70, ilhali lenzi hupenda 40 hadi 50. Mfuko wa kamera, uliotengenezwa kwa sponji, ndiyo hifadhi mbaya kuliko zote kwa miezi hiyo, kwa sababu hunyonya unyevu na kuushika.

Huhitaji kabati la gharama. Chukua ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, au kisanduku cha chakula kisichopitisha hewa, uweke ndani kifuko cha chembechembe za silika na kipima unyevu kidogo. Chembechembe za rangi ya chungwa hugeuka kijani zikishiba maji, nawe utazikausha katika ovena ya nyuzi 120 kwa saa mbili na kuzitumia tena. Zile za bluu hugeuka waridi, na kwa kuwa zina kobalti zisiguswe na watoto. Mchele, ambao wengi huutumia, huacha unga. Ubaki jikoni. Mara moja kwa wiki itoe kamera, ipigie picha kadhaa, kwani chombo kinachotumika hupata kuvu kwa nadra. Ukirudi kutoka ufukweni au Bagamoyo, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi, kisha kikavu, kabla chumvi haijakauka.

Mambo yakiharibika

Dai risiti ya EFD, yenye kiasi halisi ulicholipa, na umwombe muuzaji aandike jina la kamera na namba yake. Risiti ya laki tatu kwa kamera ya milioni moja ni ya kumlinda muuzaji, si wewe. Ukilipa kwa simu, usiufute ujumbe.

Maduka mengi yana kibao kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kina ukweli kiasi: mtu aliyebadili mawazo, au aliyeiona ileile kwa bei nafuu mtaa wa pili, hana haki ya kurudishiwa fedha. Lakini hakihalalishi udanganyifu. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kitu kilichouzwa kwa maelezo hakina budi kulingana na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, asili au hali ya bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulika na bidhaa zenye alama za kughushi. Kamera iliyouzwa kama mpya, kumbe imekwisha piga picha 40,000, hailindwi na kibao chochote.

Anza na muuzaji, kwa utulivu, mapema iwezekanavyo, ukiwa na risiti na kitu chenyewe. Usimpelekee fundi wa mtaani aifungue kwanza, maana muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu. Akikataa, andika malalamiko na uyapeleke Tume ya Ushindani: jina la duka na mtaa ulipo, tarehe, ulichoambiwa, ulichokikuta, na unachotaka kifanyike. Ambatisha nakala ya risiti, picha ya namba ya kamera na ya kisanduku, na kama ni kadi, matokeo ya kipimo chake. Nakala halisi zibaki kwako, na kadi yenyewe au betri iliyolalamikiwa usiitupe, kwani mkaguzi atataka kuiona.